Kujifunza Historia, Utamaduni na Siasa za Wayahudi Wakati wa Janga la Maradhi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nilianza kuyakusanya maswali haya Machi 2020, shule za Kenya zilipofungwa kwa sababu ya korona na somo la historia ninalofundisha Eldoret likahamia kwenye simu za wanafunzi. Tulikuwa tumefika Ulaya ya karne ya 14. Tauni, ambayo kitabu kiliitaja kwa mistari miwili tu, ikageuka ghafla kuwa jambo ambalo kila nyumba ilitaka kulifahamu, na kila tulipoifuata tauni tulikutana na Wayahudi. Hapa nimeyapanga maswali ambayo wanafunzi, wazazi na walimu wenzangu wamekuwa wakiyarudia tangu wakati huo, ya msingi yakitangulia na yenye utata yakifuata.

## Mambo ya msingi

Kwa nini historia ya Wayahudi isomwe kupitia maradhi ya mlipuko?

Kwa sababu ugonjwa huyatoa hadharani mambo ambayo katika siku za kawaida hufichika: nani huhesabiwa kuwa jirani, nani hulaumiwa kwanza, sheria ipi ya dini hulegezwa na ipi hushikiliwa. Jamii nyingi zimepitia hayo, lakini Wayahudi wameacha maandishi mengi kupita kiasi cha kawaida. Yapo majibu ya marabi, yaani walimu wa dini na sheria ya Kiyahudi, kwa maswali ya waumini wao, barua, shajara, mawe ya makaburi yenye tarehe, na hata kumbukumbu za mashtaka zilizoandikwa na adui zao. Mtu anayeanza kusoma akiwa na swali moja, kwa mfano jinsi jamii fulani ilivyoswali wakati kukusanyika kulikuwa hatari, atajikuta amefika kwenye sheria, siasa na lugha bila kujilazimisha.

Je, Myahudi ni mtu wa dini au wa kabila?

Ni vyote viwili, na maneno yetu hayalingani sawasawa na jambo lenyewe. Kwa mapokeo ya marabi, Myahudi ni mtu aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyeingia katika dini kwa utaratibu uliowekwa. Asiyeswali kabisa bado ni Myahudi. Duniani wapo takribani milioni 15, wengi wao wakiishi Israeli na Marekani. Wanatofautiana kwa asili na desturi: Waashkenazi wa Ulaya ya kati na mashariki waliozungumza Kiyidi, Wasefaradi waliofukuzwa Uhispania mwaka 1492 wakabeba Kiladino, lugha yao yenye asili ya Kihispania, Wayahudi wa Iraki, Yemeni na Moroko, na Beta Israel wa Ethiopia.

Maneno gani ya Kiswahili huwachanganya wasomaji?

Matatu hasa. «Mwisraeli» wa leo ni raia wa dola ya Israeli, ambaye anaweza kuwa Myahudi au Mwarabu (takribani mmoja kati ya raia watano ni Mwarabu), ilhali «wana wa Israeli» wa Biblia ni jambo jingine. «Mzayuni» ni mfuasi wa harakati ya kisiasa ya kuwapatia Wayahudi taifa lao, iliyojipanga mwishoni mwa karne ya 19. Wayahudi wengi ni Wazayuni, wengine siyo. Na neno «Pasaka» tunalitumia kwa sikukuu ya Wakristo na kwa sikukuu ya Wayahudi ya kukumbuka kutoka Misri. Katika ukurasa huu lina maana ya pili.

## Tauni ya 1348

Wayahudi walishtakiwa kwa kosa gani?

Kutia sumu visima. Tauni ilipoingia Ulaya kuanzia mwaka 1347 hakuna aliyejua chanzo chake, na katika majira ya kuchipua ya 1348 mashambulizi yalianza kusini mwa Ufaransa, Toulon ikiwa miongoni mwa miji ya mwanzo. Septemba mwaka huo, katika ngome ya Chillon kando ya Ziwa Geneva, Wayahudi kadhaa waliteswa mpaka wakakiri kwamba walipewa sumu na kuimwaga visimani. Maungamo hayo yaliandikwa, yakanakiliwa na kutumwa Strasbourg, mji ambao leo uko mashariki mwa Ufaransa. Barua ilitembea haraka kuliko ugonjwa: miji ambayo haikuwa na mgonjwa hata mmoja ilikuwa tayari na «ushahidi» mkononi.

Je, hakuna aliyewatetea?

Walikuwapo. Papa Clement VI, aliyekuwa Avignon, alitoa nyaraka mwaka 1348 akisema kwamba Wayahudi wenyewe wanakufa kwa tauni, na kwamba tauni imefika hata mahali ambapo hakuna Myahudi. Hoja hiyo ingeweza kutolewa na mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili, na ndiyo maana naisisitiza: haikuhitaji elimu ya vijidudu. Ilitosha kutazama nani anazikwa.

Ni nini hasa kilichotokea Strasbourg?

Huu ndio mfano ninaoukawilia kuliko yote, kwa kuwa unaonyesha siasa ndani ya maradhi. Viongozi wa baraza la mji, akiwamo Peter Swarber, waliyachunguza madai ya sumu, wakayaona hayana msingi na wakakataa kuwaua Wayahudi, ambao walikuwa wakiulipa mji ili uwalinde. Vyama vya mafundi, pamoja na baadhi ya makabaila, walikuwa na ugomvi wa muda mrefu na viongozi hao. Mwanzoni mwa Februari 1349 waliwaangusha na kuweka baraza jipya. Siku chache baadaye, Jumamosi tarehe 14 Februari, siku ya Sabato, Wayahudi wa mji walipelekwa kwenye makaburi yao wenyewe na kuchomwa moto juu ya jukwaa la mbao. Waliokubali kubatizwa waliachwa. Waandishi wa tarehe wa mji walitaja watu 2,000, idadi ambayo wanahistoria wengi huiona ni kubwa mno. Waliokufa walikuwa mamia.

Baada ya hapo hati za madeni na rehani walizokuwa nazo Wayahudi zilirudishwa kwa wadaiwa, na fedha taslimu zikagawanywa. Kumbukumbu za mji wenyewe zinasema kwamba fedha ndizo zilizokuwa sumu iliyowaua Wayahudi. Tauni ilikuwa bado haijafika Strasbourg. Ilifika kiangazi.

Ninawaomba wanafunzi waandike tarehe hizi tatu kwa mfuatano, mapinduzi, mauaji, ugonjwa, kisha waniambie kipi kilisababisha kipi.

Nimesikia kwamba Wayahudi hawakufa sana kwa sababu walinawa mikono. Je, ni kweli?

Maelezo haya yanapendwa, na huletwa kwa nia njema, lakini ushahidi wake ni haba. Papa Clement aliwaona wakifa, na huko Toledo, Uhispania, yapo maandishi ya makaburi ya Kiyahudi ya 1349 yanayotaja tauni kuwa chanzo cha kifo. Kunawa mikono kabla ya mkate ni wajibu wa kidini wenye baraka yake maalumu. Haukuwa kinga dhidi ya viroboto wanaoeneza tauni. Ubaya wa maelezo hayo ni kwamba yanayakubali mashtaka ya zamani kimyakimya, kana kwamba majirani walikuwa na sababu ya haki ya kushuku.

Baada ya hapo walienda wapi?

Wengi walielekea mashariki. Mfalme Casimir III wa Poland alikuwa amethibitisha mwaka 1334 haki walizopewa tangu zamani, na katika karne zilizofuata Poland ikawa makao makubwa ya Wayahudi wa Ulaya, jambo linaloelekeza kwenye sehemu ya Warsaw hapa chini.

## Sheria na ibada wakati wa ugonjwa

Dini ya Kiyahudi husema nini kuhusu kuokoa maisha?

Kanuni yake huitwa *pikuach nefesh*, yaani kuokoa nafsi, nayo hutangulia karibu amri zote za Torati. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi kuhusu sheria, katika kitabu chake cha Yoma, huijenga juu ya Mambo ya Walawi 18:5, kwamba mtu ataishi kwa amri hizo, na marabi wakaongeza: wala asife kwazo. Kwa hiyo kumkimbiza mgonjwa hospitalini siku ya Sabato ni wajibu, ingawa siku nyingine ya Sabato kuwasha gari ni kosa. Yapo matatu tu ambayo mtu hatakiwi kuyatenda hata kwa kuokoa uhai wake: kuabudu sanamu, kuua, na uzinzi wa aina zilizokatazwa.

Je, kufunga nyumba za ibada ni jambo geni kwao?

Hapana. Talmudi yenyewe inashauri kwamba tauni ikiwa mjini mtu akae ndani. Mwaka 1831, kipindupindu kilipoingia Posen (leo Poznań, Poland), rabi wa mji huo, Akiva Eiger, aliagiza watu wasiswali kwa wingi bali katika makundi ya watu wapatao 15, wapokezane kuanzia alfajiri, na akataka polisi wasaidie kusimamia utaratibu huo. Mwanafunzi mmoja alinikumbusha kwamba idadi ya waombolezaji walioruhusiwa katika mazishi nchini Kenya mwaka 2020 ilikuwa hiyohiyo, 15. Ni sadfa tu, lakini tangu siku hiyo darasa halijamsahau Rabi Eiger.

Kwa nini idadi ya watu kumi ilileta ugumu mwaka 2020?

Sala za jamii huhitaji *minyan*, watu wazima kumi waliokusanyika. Kwa Waorthodoksi, yaani Wayahudi wanaoshika mapokeo kwa ukamilifu, wawe wanaume, kwa madhehebu mengine wanawake pia huhesabiwa. Bila kumi, mfiwa hawezi kusema Kadishi, sala anayoisema kwa muda wa miezi 11 kwa ajili ya mzazi aliyefariki. Mtu aliyempoteza baba yake Machi 2020 alikuwa amefungiwa nyumbani, na sala hiyo haimtaji marehemu wala kifo. Inamtukuza Mungu, na wasikilizaji huitikia «Amina». Swali lilikuwa: Je, «Amina» inayotoka kwenye kioo cha simu ni mwitikio halali?

Majibu yalitofautiana, na tofauti hiyo ndiyo somo zuri la namna sheria ya Kiyahudi inavyofanya kazi bila mamlaka moja ya juu. Marabi wa mkondo wa Conservative, ambao licha ya jina lake ni mkondo wa kati, huko Marekani waliruhusu kwa dharura watu wahesabiwe kwa video. Waorthodoksi kwa jumla walikataa, wakisema kumi lazima wawe mahali pamoja, lakini katika miji mingi ya Israeli watu waliswali wakiwa kwenye roshani za maghorofa, kila mmoja akiwaona wengine, na sauti ya kiongozi ikivuka ua.

Pasaka ya 2020 ilikuwaje?

Iliangukia usiku wa tarehe 8 Aprili, wakati Israeli ilikuwa imezuia watu kutembeleana. Mlo wa usiku huo, *seder*, ni darasa la nyumbani: mtoto mdogo kuliko wote huuliza usiku huu una tofauti gani na usiku mwingine wote, na wazee hujibu kwa kusimulia utumwa na ukombozi. Tatizo ni kwamba huwezi kuwasha kifaa cha umeme sikukuu ikishaingia. Marabi 14 wa Kisefaradi nchini Israeli waliruhusu programu ya Zoom ifunguliwe kabla ya machweo ili wazee walioachwa peke yao wasikie sauti za wajukuu. Marabi wakuu wa nchi walipinga. Nyumba nyingi ziliandaa meza kamili, mboga chungu, chumvi na maji, mikate isiyotiwa chachu, kwa ajili ya mtu mmoja, aliyelazimika kuuliza swali la mtoto na kulijibu mwenyewe, kwa kuwa sheria ndivyo inavyomtaka aliye peke yake.

## Warsaw: kujifunza ndani ya ukuta

Je, kweli watu walisoma wakati wa homa ya taifasi ndani ya ghetto?

Walisoma, na swali hili linastahili jibu refu. Novemba 1940 Wajerumani waliifunga ghetto ya Warsaw, yaani mtaa uliozungushiwa ukuta ambamo Wayahudi walilazimishwa kuishi, wakawabana Wayahudi zaidi ya 400,000 katika eneo lisilofika kilomita za mraba 4. Njaa na msongamano vilileta taifasi, homa inayoenezwa na chawa, na watawala haohao wakabandika mabango mjini yaliyowaunganisha Wayahudi, chawa na taifasi. Walisababisha ugonjwa, kisha wakautumia kuwa hoja ya ukuta.

Shule zilikuwa zimepigwa marufuku. Watoto walifundishwa kwa siri katika vyumba vya watu. Madaktari, wakiongozwa na Juliusz Zweibaum, waliomba kibali cha «kozi ya kupambana na maradhi ya mlipuko», na chini ya jina hilo wakaendesha chuo kizima cha udaktari. Ludwik Hirszfeld, mtaalamu wa makundi ya damu, alikuwa miongoni mwa wahadhiri. Maambukizi yalianza kupungua Oktoba 1941, baridi ikiingia, msimu ambao yalitarajiwa kupanda. Utafiti wa kihesabu uliochapishwa mwaka 2020 ulihusisha jambo hilo na juhudi za wakazi: mafunzo ya usafi, kujitenga, na vituo vya kugawa supu.

«Oyneg Shabes» ni nini?

Ni jina la siri, lenye maana ya «furaha ya Sabato», la kikundi kilichoongozwa na mwanahistoria Emanuel Ringelblum, ambacho kilikutana Jumamosi kuhifadhi kila kitu: shajara, insha za watoto, kadi za mgao, tiketi za tramu, karatasi za peremende. Treblinka, kambi ya mauaji ya Wajerumani, ilipoanza kupokea watu wa Warsaw Julai 1942, nyaraka za kwanza zilifungwa katika masanduku ya bati na kuzikwa chini ya jengo la shule. Sehemu ya pili iliwekwa katika makopo makubwa ya maziwa mwanzoni mwa 1943. David Graber, kijana wa miaka 19 aliyesaidia kuzika masanduku, aliacha karatasi ndani akieleza kwamba yale waliyoshindwa kuyapazia sauti mbele ya dunia wameyazika ardhini. Yeye hakuokoka, wala Ringelblum, aliyeuawa Machi 1944. Masanduku yalichimbuliwa Septemba 1946, makopo Desemba 1950.

Anayefahamu kopo la maziwa la bati, na hapa Uasin Gishu nani asiyelifahamu, ataelewa kwa nini darasa langu hunyamaza picha yake inapoonyeshwa.

## Siasa

Korona iliathiri vipi siasa za Israeli?

Uchaguzi wa 2 Machi 2020 ulikuwa wa tatu ndani ya mwaka mmoja, na haukutoa mshindi. Benny Gantz, mpinzani mkuu aliyekuwa ameahidi kutokaa katika serikali ya waziri mkuu Benjamin Netanyahu, alikubali serikali ya dharura iliyoapishwa tarehe 17 Mei. Kesi ya Netanyahu ya rushwa, iliyopangwa kuanza 17 Machi, iliahirishwa mpaka 24 Mei baada ya waziri wa sheria kusimamisha shughuli za mahakama kwa sababu ya ugonjwa. Wafuasi waliona tahadhari, wapinzani waliona hila. Serikali pia iliitumia idara ya usalama wa ndani kufuatilia simu za walioambukizwa, na Mahakama Kuu ikaamua mwishoni mwa Aprili kwamba jambo hilo haliwezi kuendelea bila sheria ya bunge. Uchaguzi wa nne ulikuja Machi 2021, na Juni serikali ya Naftali Bennett ikachukua nafasi.

Kwa nini suala la chanjo na Wapalestina lilizua ubishi?

Israeli ilianza kuchanja Desemba 2020 kwa kasi iliyoshangaza dunia. Raia wake Waarabu na Wapalestina wa Yerusalemu Mashariki walijumuishwa. Wapalestina wengine wa Ukingo wa Magharibi na Gaza hawakujumuishwa. Serikali ilisema kwamba kwa makubaliano ya Oslo, yaliyotiwa saini na Israeli na Wapalestina miaka ya 1990, afya ni jukumu la Mamlaka ya Palestina. Wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walijibu kwamba Mkataba wa Nne wa Geneva, unaolinda raia wakati wa vita, unailazimisha dola inayokalia eneo kuwakinga watu wake na maradhi ya mlipuko. Machi 2021 Israeli iliwachanja Wapalestina wenye vibali vya kufanya kazi kwake. Kwangu mimi hoja ya Geneva ina uzito zaidi, na msomaji anapaswa kuyasoma maandiko yote mawili kabla ya kukubaliana nami.

## Karibu na nyumbani

Je, ni kweli Wayahudi walitaka kupewa Uasin Gishu?

Walipewa fursa, na wakaikataa. Mwaka 1903, baada ya mauaji ya Wayahudi huko Kishinev (leo Chișinău, Moldova), waziri wa makoloni wa Uingereza Joseph Chamberlain alipendekeza eneo la uwanda huu. Mpango huo huitwa «wa Uganda», ingawa ardhi yenyewe ilikuwa tayari imehamishiwa upande ambao leo ni Kenya. Kongamano la Wazayuni huko Basel lilipiga kura 295 dhidi ya 178 kutuma wachunguzi, na kongamano la 1905 likaufuta. Mwaka huohuo wa 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa watu wake wakipigania ardhi hiyohiyo iliyojadiliwa Ulaya bila wao kuulizwa.

Abayudaya wa Uganda wana uhusiano gani na mada hii?

Abayudaya ni jamii ya Wayahudi wa Uganda. Mwasisi wao, Semei Kakungulu, kabla ya kuingia Uyahudi mwaka 1919 karibu na Mbale, alikuwa katika kundi la Bamalaki, Wakristo waliokataa dawa za hospitali kwa hoja ya maandiko. Ni kinyume cha *pikuach nefesh* ilivyoelezwa hapo juu, na ni mfano mzuri wa watu wawili kusoma kitabu kimoja wakatoka na tiba tofauti. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao. Ilifufuka baada ya 1979.

## Maswali yenye utata

Nimetumiwa ujumbe unaosema Wayahudi walitengeneza virusi. Nifanye nini?

Ulinganishe na barua ya Chillon: mashtaka bila mgonjwa, bila shahidi huru, yenye majina ya watu matajiri. Usiusambaze hata kwa nia ya kuukanusha. Wapo wanaopenda kujibu kwa kutaja Waldemar Haffkine, Myahudi wa Odessa aliyejidunga mwenyewe chanjo ya tauni huko Bombay Januari 1897, au Albert Sabin, aliyetengeneza matone ya polio ambayo watoto wetu wameyameza. Habari hizo ni za kweli na nzuri, lakini mtu hapaswi kuwa mvumbuzi wa chanjo ili asisingiziwe.

Je, kuikosoa serikali ya Israeli ni chuki dhidi ya Wayahudi?

Kuikosoa kama serikali nyingine yoyote, la. Waisraeli wenyewe waliandamana kila wiki mwaka 2020. Inakuwa chuki pale ambapo Myahudi wa Nairobi au Paris anadaiwa ajibu kwa matendo ya waziri ambaye hakumpigia kura.

Mtu asiye Myahudi anaweza kusoma Talmudi?

Anaweza, na njia iliyozoeleka zaidi ni *Daf Yomi*, ukurasa mmoja kwa siku, iliyoanzishwa mwaka 1923 kwa pendekezo la Rabi Meir Shapiro. Kurasa ni 2,711, hivyo mzunguko huchukua takribani miaka saba na nusu. Mzunguko wa sasa ulianza 5 Januari 2020. Dunia ilipofungwa Machi, wasomaji walikuwa ndiyo kwanza wameingia kitabu cha Shabbat, na vikundi vilivyokuwa vikikutana alfajiri katika masinagogi vilihamia kwenye simu ndani ya siku chache. Utaisha Juni 2027, na ukurasa wa kwanza wa Berakhot, unaouliza Shema (tamko la imani la Kiyahudi) ya jioni huanza kusomwa saa ngapi, utafunguliwa upya siku inayofuata.